Mvinyo wa Dodoma hauongezi damu, na mboga ya kopo si takataka

Ukiingia kwenye duka kubwa lolote hapa Dodoma mjini siku hizi utakuta rafu mbili ambazo zamani zilikuwa ndogo mno. Moja ni ya mvinyo, na mwingi wake ni wa hapa hapa kwetu: Hombolo, Makutupora, na mashamba ya njia ya Iringa. Nyingine ni ya makopo: nyanya, njegere, maharage, mahindi, uyoga, na mara mojamoja spinachi. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, jiji limejaa watu wanaotoka kazini jua limekuchwa, na rafu zote mbili zimenenepa kwa sababu hiyo. Pamoja na bidhaa yamekuja maneno. Kwenye makundi ya WhatsApp unazunguka ujumbe kwamba glasi ya mvinyo mwekundu ina virutubisho kuliko mboga ya kopo. Kwamba mvinyo una madini ya chuma, husafisha mishipa na huongeza damu, na kwamba kopo ni kemikali tupu. Nimeyasikia maneno hayo kwa wauzaji na kwa wasomi. Yaliyoniuma zaidi ni yale niliyoyasikia kwa watu wanaokwenda kumtazama mzazi aliyejifungua juzi, mkononi wamebeba chupa.

Niseme mapema ninachokiamini. Ujumbe huo umeyapindua mambo, miguu juu kichwa chini. Mboga ya kopo, pamoja na kasoro zake, ni chakula. Mvinyo, pamoja na utamu wake na heshima unayoipa Dodoma, haulishi mwili, na kwa habari ya damu unaweza kuudhuru. Ninayasema haya nikiwa mtu ninayejivunia zabibu zetu. Kwa maoni yangu anayeupamba mvinyo wa Dodoma kwa sifa za dawa anaukosea adabu, kwa sababu anauvika nguo isiyo yake na ipo siku itavuliwa hadharani.

Tuanzie shambani. Dodoma ni nchi kavu. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600. Mahindi hapa ni bahati nasibu, ndiyo maana wazee waling'ang'ania uwele na mtama. Mzabibu ulioletwa na wamisionari waliotaka divai ya misa, Bihawana ikiwa moja ya vituo vyao, uliikuta ardhi hii na ukaipenda. Jua kali na hewa kavu huzuia magonjwa mengi ya ukungu, na kwa kuwa hatuna baridi ya kuulaza mmea miezi mingi, mkulima akikata matawi vizuri huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti au Septemba. Wakulima wengi wa Ulaya huvuna mara moja tu. Ni neema ya kweli, lakini ina mtihani wake: zabibu hazisubiri. Zikiiva zina siku chache, na asiyepata mnunuzi kwa wakati huiona jasho lake likioza. Hapo ndipo mvinyo unapoingia, na hapo ndipo palipozaliwa biashara ya mchuzi wa zabibu, ambapo mkulima au kikundi hukamua na kuchachusha, kisha huuza kwa lita kwa viwanda. Serikali nayo iliona hivyo, ikaweka ushuru mdogo kwa mvinyo unaotengenezwa zaidi kwa zabibu za ndani. Hayo yote nayaunga mkono. Chupa imewaokoa wakulima wengi wa Chamwino na wa pembezoni mwa jiji kuliko hotuba nyingi.

Kwa hiyo mvinyo ni namna ya kuhifadhi mavuno, na kopo nalo ni namna ya kuhifadhi mavuno. Jambo hili likieleweka, mengine yote hufuata. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alipewa na serikali yake faranga 12,000 kwa kugundua kwamba chakula kikifungiwa kwenye chombo kisichoingiza hewa, kisha kikachemshwa humo humo, hakiozi. Vyombo vyake vya kwanza havikuwa makopo ya bati. Vilikuwa chupa za kioo zilizozibwa kwa vizibo, kama za mvinyo. Hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi, na ilipita miaka hamsini hivi ndipo Louis Pasteur akaeleza: kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyoozesha. Pasteur huyo huyo ndiye aliyeonyesha kwamba zabibu hugeuka mvinyo kwa kazi ya hamira iliyo hai. Tazama sasa tofauti. Kwenye kopo vijidudu huuawa kwa moto kabla havijala, na chakula hubaki cha mwenye kopo. Kwenye mvinyo hamira huachwa ile kwanza. Hula sukari ya zabibu, karibu gramu 17 katika kila lita ili kutoa asilimia moja ya kilevi, na ikishiba sisi tunakunywa ilichokiacha. Maganda na mbegu, zenye makapimlo (nyuzinyuzi za chakula), zimekamuliwa na kutupwa au kurudishwa shambani kuwa mbolea. Anayesema mvinyo ni tunda kwa sababu umetoka kwenye tunda ni sawa na anayesema gongo ni ugali kwa sababu kuna mahali hutengenezwa kwa mahindi.

Hoja kwamba mvinyo una virutubisho kuliko mboga ya kopo ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, kwa hiyo naomba tukae nayo na tarakimu mkononi. Chukua gramu 100 za spinachi ya kopo iliyochujwa maji. Ina kilokalori 23 tu, lakini humo mna protini karibu gramu 3, makapimlo zaidi ya gramu 2, kalsiamu karibu miligramu 127, madini ya chuma miligramu 2.3, vitamini C miligramu 14, asidi ya foliki mikrogramu 98 na vitamini A kwa wingi. Spinachi mbichi ina karibu mara mbili ya hiyo vitamini C na mara mbili ya hiyo asidi ya foliki, maana yake kiwanda kimechukua nusu, na sifichi hilo. Nusu iliyobaki bado ni mboga. Njegere za kopo, gramu 100, zina protini na makapimlo zaidi ya gramu 4 kila kimoja. Nyanya ya kopo hupoteza sehemu ya vitamini C, lakini rangi yake nyekundu, ile likopeni, hufyonzwa na mwili vizuri zaidi ikishapikwa kuliko ikiwa mbichi. Sasa mimina mvinyo mwekundu kiasi kile kile, gramu 100. Kilokalori 85, na sehemu kubwa zinatoka kwenye kilevi chenyewe, ambacho kila gramu yake hutoa kilokalori 7. Protini ni sehemu ya kumi ya gramu. Makapimlo sifuri. Vitamini C sifuri. Asidi ya foliki mikrogramu 1. Potasiamu ipo, miligramu 127, na spinachi ile ya kopo ina zaidi ya mara mbili ya hiyo. Madini ya chuma yapo pia, karibu nusu miligramu, na hapo ndipo ulipoota mzizi wa hadithi ya damu.

Hadithi ya damu ina umri mrefu. Ulaya na Marekani ya karne ya 19 maduka ya dawa yaliuza mvinyo wa kuimarisha mwili ulioongezwa chuma. Chuma kiliwekwa na mtengenezaji, lakini sifa ilikwenda kwa mvinyo. Kwetu rangi imefanya kazi iliyobaki. Chochote chekundu tumekubaliana kwamba kinaongeza damu: rozela, bitiruti, hata soda nyekundu nimewahi kusikia ikisifiwa. Hesabu yenyewe ni hii. Mwanamke wa umri wa kuzaa hushauriwa kupata kama miligramu 18 za chuma kwa siku, na akiwa mjamzito 27. Chupa nzima ya mvinyo mwekundu, mililita 750, ina karibu miligramu tatu na nusu. Angehitaji chupa tano na ushee kwa siku, na mjamzito chupa karibu nane, na kabla hajafika hapo tungekuwa tumempoteza. Kibaya zaidi, chuma hicho kidogo hakiingii chote. Tanini, ile inayoukausha ulimi unapokunywa mvinyo mwekundu, hukishika chuma tumboni na kuzuia kisifyonzwe, kama majani ya chai yanavyofanya tukinywa chai pamoja na chakula. Kilevi nacho huuvuruga mwili usipokee na kutumia vema asidi ya foliki, ambayo bila hiyo chembe nyekundu za damu haziumbiki sawasawa. Mtu anakunywa ili apate damu huku kinywaji chenyewe kinaifungia damu mlango.

Hili haliniachii kusema kwa upole. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16, asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu. Karibu mmoja katika kila wawili. Dada yangu alikuwa mmoja wao alipojifungua mtoto wa pili. Kliniki walimpa vidonge vya fefo, vile vya chuma na asidi ya foliki, na ndugu wakamletea chupa mbili za mvinyo mwekundu kwa mapenzi kabisa. Fefo zilikuwa zinamchefua, mvinyo haukumchefua, na nadhani msomaji anajua kipi kilimalizwa kwanza. Aliyeleta chupa hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa ameambiwa, na aliyemwambia naye alikuwa ameambiwa. Mtoto alikuwa ananyonya, na kilevi hupita kwenye maziwa ya mama. Wakati wa ujauzito ni hatari zaidi, kwa sababu kilevi hupita kondo la nyuma hadi kwenye ubongo unaojengwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Watetezi wa mvinyo wana hoja nzito kuliko hiyo ya damu, na haki ni kuisikiliza. Ni hoja ya moyo. Mwaka 1992 watafiti wa Ufaransa, Serge Renaud na mwenzake, waliandika katika jarida la Lancet juu ya kile kilichoitwa kitendawili cha Wafaransa: watu wanaokula siagi na jibini kwa wingi lakini hawafi kwa ugonjwa wa moyo kama jirani zao. Mvinyo ukatajwa kuwa ndio sababu. Tafiti nyingi zilizofuata zilionyesha kwamba wanywaji wa kiasi huishi muda mrefu kidogo kuliko wasiokunywa kabisa. Hoja hii haikutoka kwa wajinga, na mimi mwenyewe niliiamini kwa muda. Lakini ilipochunguzwa vizuri ilionekana kwamba kundi la wasiokunywa lilichanganya watu wawili tofauti: wale ambao hawajawahi kuonja, na wale walioacha kwa sababu walishaugua. Ukimlinganisha mnywaji mwenye afya na mtu aliyeacha pombe kwa sababu ya ini, bila shaka mnywaji atashinda. Tena wanywaji wa kiasi huko ng'ambo mara nyingi ni watu wenye kipato, bima na muda wa mazoezi. Ile kemikali iitwayo resveratroli, inayosifiwa kwenye ganda la zabibu nyekundu, imo ndani ya mvinyo kwa miligramu chache tu kwa lita, ilhali majaribio mengi yalitumia mamia ya miligramu kwa siku. Kuifikia dozi hiyo kwa glasi kungetaka makumi ya lita. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha unywaji wa pombe kilicho salama kwa afya. Na tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi, kundi moja na tumbaku. Mvinyo haukutengwa.

Kopo nalo lina mashtaka yake, mengine ya kweli. Shtaka la kemikali za kuhifadhia kwa sehemu kubwa si la kweli: kinachohifadhi ni moto na kule kufungwa, karibu nyuzi 121 kwa mboga zisizo chachu, ili kuua hata mbegu za kijidudu kinachotoa sumu ya botulizimu. Kopo likivimba, likipasuka mshono au likitoa povu, tupa, usionje. Shtaka la chumvi ni la kweli. Mboga nyingi za kopo zina sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, miligramu 200 hadi 300 kwa gramu 100, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha 2,000 kwa siku, kwa hiyo mwenye presha ana sababu ya kuogopa. Dawa yake iko jikoni: mwaga yale maji, suuza, na kwa maharage zaidi ya theluthi ya sodiamu itakwenda nayo. Kisha usitie chumvi nyingine. Shtaka la utando wa ndani ya kopo nalo si la kupuuzwa. Kemikali iitwayo BPA ilitumika sana kwenye utando huo, na mwishoni mwa mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliamua kuipiga marufuku kwenye vyombo vya chakula. Viwanda vingi vilikuwa vimeshaanza kuiacha. Ni jambo la kuzidai mamlaka zetu zilifuatilie, na halilifanyi kopo la njegere liwe chini ya glasi ya kilevi.

Kuna atakayeniuliza: kwani nani kati yetu anaishi kwa mboga za kopo? Swali ni zuri kuliko hoja zote za mvinyo. Kopo moja la spinachi kwa bei ya dukani linanunua mafungu mengi ya mchicha soko la Majengo wakati wa masika, na mchicha huo una virutubisho zaidi. Sidai kwamba familia ya Mpunguzi ianze kununua makopo. Ninachodai ni kwamba Dodoma ilikuwa na kopo lake kabla ya Appert. Mwanamke wa Kigogo anayeanika mlenda na majani ya kunde mwezi Machi ili ale mwezi Oktoba anafanya kazi ile ile: anawanyima vijidudu nafasi, yeye kwa kuwanyima maji, kiwanda kwa kuwachoma. Mboga yake nayo hupoteza. Vitamini C huisha karibu yote, na ikianikwa kwenye jua la moja kwa moja hupoteza pia sehemu kubwa ya vitamini A, hasara ambayo hupungua sana ikikaushwa kivulini au chini ya kitambaa cheusi penye upepo. Madini ya chuma, kalsiamu na makapimlo hubaki. Kwa miaka mingi vijana wa mjini wameuona mlenda mkavu kuwa chakula cha shida, na sasa wanaambiwa kwamba mboga yoyote iliyohifadhiwa ni mfu na glasi ndiyo yenye uhai. Dharau ya kopo na dharau ya mlenda mkavu zina mama mmoja.

Na mkulima wa zabibu? Wapo wanaosema makala kama hii inamwaga unga wake. Nimelifikiria hilo kwa uzito, maana nina jamaa wenye mizabibu. Jibu langu ni kwamba kipato chake hakitegemei uongo huu. Watu wazima hununua mvinyo kwa ladha, kwa sherehe, kwa mlo wa jioni na wageni, na wataendelea kununua. Wanaotengeneza mvinyo kwa zabibu za aina ya Chenin Blanc ya Hombolo au Makutupora nyekundu wana la kujivunia bila kumtaja daktari. Wanaoweza kuumizwa na ukweli ni wale wanaobandika kwenye chupa au kwenye tangazo maneno ya kuongeza damu na kusafisha mishipa, na hao nadhani wanastahili kuzuiwa na sheria za chakula na za matangazo, awe mtengenezaji mkubwa au mwenye mapipa mawili uani. Tena zabibu yenyewe ina njia nyingine ambazo tumezipa nafasi ndogo mno: kuliwa mbichi, kukaushwa iwe zabibu kavu ambazo bado tunaziona madukani zikitoka nje ya nchi ilhali jua la kuzikaushia tunalo miezi saba, na juisi isiyochachushwa. Mkulima mwenye wanunuzi wa aina nne hanyanyaswi na kiwanda kimoja msimu wa mavuno.

Kinachonishughulisha zaidi ni kule kliniki. Utafiti wa kitaifa kama ule wa 2015/16, uliofanywa mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu unaweza kuanza tumboni kwa mama mwenye damu pungufu. Muuguzi anayegawa fefo ana dakika chache kwa kila mama, na dakika moja kati ya hizo inatosha kumuuliza: nyumbani wamekuletea mvinyo? Amwambie auweke kando kabisa hadi atakapoacha kunyonyesha, fefo azimeze na chungwa au maji ya ndimu kwa sababu vitamini C hufungua njia ya chuma, na chai aiache ikae saa moja au mbili mbali na chakula. Na sisi tunaokwenda kumtazama tubadilishe kifurushi. Maini, dagaa, maharage, machungwa, fungu la mchicha kama ni msimu wake. Kama ni Oktoba na sokoni kumekauka, mlenda uliokaushwa kivulini au makopo mawili ya njegere yatafaa. Yamwagwe maji, yasuuzwe, yaungwe kwa karanga, na apewe yakiwa ya moto.